Mara Mbili Nzima, Mara Moja Mbovu

Mama alinituma nipeleke chupa ya chai kwenye gereji ya mjomba wakati jua linazama, akaniambia nisikae sana. Nilikaa. Ndiyo sababu nina jambo la kuandika.

Gereji yenyewe ni chumba kimoja kirefu cha matofali yasiyopigwa lipu, kati ya duka la magodoro na saluni iliyofungwa. Mjomba ni kaka yake mama. Watu wanamwita Koleo, kwa kuwa akilala chini ya chombo hushika nati na bolti kwa meno, tatu nne kwa mpigo, ili mikono yote miwili ibaki huru. Mke wake husema siku atakayopiga chafya atamtoboa mtu. Akiwa na nati mdomoni hawezi kusema, kwa hiyo ukimwuliza kitu anagonga chuma kwa spana. Mara mbili, kizima. Mara moja, kibovu. Nimekuwa nikimsomea orodha za ukaguzi kwa mtindo huo tangu nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili. Ananiita Mwalimu. Anajua jina hilo linaniuma kidogo, lakini analitamka kwa upendo.

Mchana ule ndipo ilipoletwa pikipiki ya baba. Ilikuwa ya miguu mitatu, ya kubebea mizigo, na ilifika ikiwa vipande vipande ndani ya fremu ya chuma iliyozungushiwa kartoni. Nilipoingia na chai nilikuta imeshasimama. Usukani ulikuwa umefungwa, tangi limewekwa, kiti bado kina nailoni. Rangi yake ya bluu ilikuwa mpya kiasi kwamba uliona uso wako. Kilichobaki ni bodi ya nyuma, ile ya kupakilia mizigo, na ukaguzi.

Lazima niseme jambo hili hapa, vinginevyo hamtaelewa kwa nini hatukuacha. Baba aliendesha lori miaka kumi na miwili. Miaka miwili iliyopita lori lake lilipinduka kwenye mteremko. Utingo wake, kijana aliyekuwa akikaa nyuma juu ya mizigo, alikufa palepale. Baba hakushika usukani tena. Alikaa nyumbani akitazama ukuta, mimi nikaacha shule muhula uliofuata, na mama akaanza kufulia watu. Sasa kinu cha unga kilikuwa kimemwahidi kazi ya kusambaza magunia, kuanzia kesho yake alfajiri. Kama asingetokea na chombo, kulikuwa na mtu mwingine mlangoni. Nilikuwa nimemwona baba akinyoa ndevu asubuhi ile huku akipiga mluzi. Sikuwahi kumsikia akipiga mluzi tangu ajali. Nilitaka sana aendelee.

Mjomba alikunywa chai kwa mafunda mawili, akapasua pakiti ya bolti za bodi. Karatasi ilisema bolti ndefu nne. Ndani kulikuwa na tatu.

Akaimwaga tena. Tatu.

Alisema tukipeleka malalamiko kwa muuzaji tutasubiri wiki mbili, na kinu hakitasubiri hata siku mbili. Akanituma kwenye kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati, ambamo huweka bolti nzuri anazofungua kwenye magari mabovu, nitafute moja yenye urefu sawa. Nilichakura. Niliipata chini kabisa. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, na kwenye meno yake kulikuwa na uzi wa kitambaa umezungushwa, umekauka na kuwa mweusi. Nilidhani fundi fulani aliuweka ili bolti ikaze. Niliunyofoa kwa kucha, nikaiosha bolti kwa petroli mpaka ikang'aa, nikampa.

Kwenye karatasi ya ukaguzi, mstari wa bolti za bodi, niliandika: nne. Kamili.

Ilikuwa mistari arobaini na moja, na bila karatasi hiyo chombo hakipewi namba. Mjomba alifunga bodi, akaingia chini kukaza. Mimi nikaenda uani kunawa petroli mikononi. Nilipokuwa nanawa, umeme ukakatika.

Niliporudi kulikuwa na mwanga wa taa ya chaji tu, pale mezani penye karatasi. Pikipiki ilikuwa kivuli kikubwa katikati ya chumba. Chini ya bodi ilichomoza miguu miwili, imelala juu ya kipande cha kartoni kama kawaida. Nilikaa, nikampa mgongo, nikaanza kusoma.

"Tairi ya mbele."

Ngo. Ngo.

"Shoki apu."

Ngo. Ngo.

Niliweka alama. Taa ya mbele, honi, vioo vya pembeni, betri. Alikuwa akijibu haraka kuliko siku zote, nami nikafurahi kwamba tutawahi kurudi nyumbani. Nilitania kwamba leo Koleo ana haraka kama anayedaiwa mahari. Hakucheka, lakini mtu mwenye nati mdomoni hacheki.

"Oili ya difu."

Ngo. Ngo.

"Breki ya nyuma."

Kimya.

"Mjomba, breki ya nyuma."

Ngo.

Nikasubiri la pili. Halikuja. Badala yake ilikuja harufu... Mwanzoni nilidhani ni waya unaungua. Halafu nikaijua. Kila mtoto wa dereva wa lori anaijua. Ni harufu ya breki zilizoshikwa mteremko mzima mpaka zikaungua. Pikipiki ile ilikuwa haijawashwa hata mara moja.

"Mbovu?" niliuliza.

Ngo.

Safari hii alipiga kwa nguvu. Kalamu iliruka mezani.

Niligeuka kutazama. Miguu ilikuwa palepale, haitikisiki. Ndipo nilipoona kitu ambacho ningekiona tangu mwanzo kama ningetazama vizuri. Mjomba hafanyi kazi bila mabuti.

Miguu ile ilikuwa peku.

"Unamsomea nani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Mjomba alikuwa amesimama kizingitini, chupa ya oili ya difu mkononi, mabuti miguuni. Alikuwa ameenda dukani nilipokuwa nanawa.

Nilinyoosha kidole tu. Akachukua taa, akainama, akamulika chini ya bodi.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kartoni, na katikati ya kartoni bonde la mtu aliyelala. Mjomba aliligusa kwa kiganja, akakitoa haraka. Nami niligusa. Lilikuwa na joto.

"Basi tumepata kibarua wa bure," mjomba alisema. Alijaribu kucheka, cheko likamfia mdomoni. Aliivuta karatasi, akatazama alama zangu, kisha akatazama chupa aliyoishika. Oili ya difu nilishaiwekea alama ya nzima, na oili yenyewe ndiyo kwanza inafika.

Akaingia chini mwenyewe, safari hii bila nati mdomoni, akaongea muda wote ili nisikie sauti yake. Breki ya nyuma haikuwa na kasoro. Aliifungua, akaifunga, akanionyesha viatu vya breki vikiwa vipya, vina vumbi la kiwandani. Lakini harufu haikutoka. Ilizidi.

Baba aliingia wakati huo, akitokea kinuni. Uso wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyeambiwa habari njema. Hatua ya pili ndani ya gereji akasimama.

"Nani kaunguza breki?"

Akaja taratibu, akaweka kiganja kwenye ubavu wa bodi kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Na ndani ya bodi tupu, chini ya kiganja chake, sote watatu tukasikia.

Ngo.

Sijawahi kuona mtu akizeeka kwa muda mfupi vile. Baba alikaa chini, juu ya tairi kuukuu, na akaongea kwa kunong'ona, na sikujua kama anatuambia sisi. Alisema matingo wa malori wana lugha yao, wanagonga bodi. Mara mbili, twende. Mara moja, simama. Kumbe mjomba naye aliutoa mtindo wake kwenye malori.

"Aligonga mara moja," baba alisema. "Kule juu ya mteremko. Aliona moshi kwenye tairi. Nilimsikia. Nikajiambia nitasimama chini, kwenye tambarare, nisipoteze muda."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Sisi tuliambiwa breki zilikatika ghafla.

Kisha akatuambia la pili. Siku moja baada ya mazishi, mama yake utingo aliomba aonyeshwe lori. Hakulia. Alilizunguka mara tatu akiongea chinichini, akachana pindo la shati la mwanawe, akalifunga kwenye bolti moja ya bodi. Halafu akamgeukia baba, akamwambia maneno mawili tu.

"Mwanangu hajashuka."

Ndiyo sababu baba alipouza mabaki kwa wanunuzi wa vyuma chakavu alikataza chochote kisirudi barabarani. Wote wakamwitikia. Na mjomba akaitikia, kisha usiku akayaendea mabaki na spana yake, kwa sababu ni fundi, na kwa fundi bolti nzuri ni bolti nzuri.

"Nilichukua chache tu, shemeji," mjomba alisema. Hakuweza kumtazama.

Nilitoa mkono kuwaonyesha kucha zangu. Uzi mweusi ulikuwa bado umenasa chini ya kidole gumba.

Hawakunigombeza, wala baba wala mjomba. Afadhali wangenigombeza.

Mjomba aliifungua bolti ile. Ilitoka kwa urahisi, kama iliyokuwa ikingoja kufunguliwa. Aliifunga kwenye mfuko, akaitumbukiza chooni, akaenda kumgongea mwenye duka la vifaa mpaka akampa nyingine mpya. Tukaanza orodha upya, mstari wa kwanza hadi wa arobaini na moja. Mimi nilisoma, yeye akashika kila kitu kwa mkono na kujibu kwa mdomo. Kila kitu kilikuwa kizima. Harufu ilikuwa imepungua. Nilianza kupumua. Niliamini tumemtoa.

Mjomba alimwambia baba walau asubiri siku mbili, amtafute mtu wa dawa. Baba akamwuliza kinu kitamsubiri nani. Ndivyo ilivyoamuliwa. Baba akachana nailoni ya kiti, akakaa, akawasha. Injini ilishika mara ya kwanza. Alikaa hivyo, hasogei, na nikaona machozi, na nikajua hataweza. Atashuka. Tutarudi kutazama ukuta.

Ndani ya bodi tupu, nyuma yake:

Ngo. Ngo.

Miaka kumi na miwili ni mingi. Mguu wa baba uliingiza gia kabla kichwa chake hakijafikiri. Pikipiki ikatoka mlangoni polepole. Mimi na mjomba tukafuata kwa miguu hadi nyumbani. Bodi haikuwa na kitu. Lakini tairi za nyuma zilikuwa zimebonyea, kama zinavyobonyea mtu mzima anapokaa kwenye ukingo.

*

Hayo ni ya miezi minne iliyopita. Kazi haijawahi kukosekana. Magunia yanafika, kinu kimefurahi, mama ameacha kufulia watu. Baba alinikataza nisimwambie mama, nami nimetii.

Wiki ya pili mwenye duka la jumla aliniuliza yule utingo wetu mpole tumemtoa wapi, maana hasalimii lakini hajawahi kuacha gunia lidondoke. Baba hana utingo. Nilijibu ni ndugu.

Mwezi wa pili baba alianza kukonda. Anakula sahani mbili na mkanda umefika tundu la mwisho. Halafu sauti ikaanza kumpotea. Kwanza alikuwa anaongea kidogo, mama akasema ni uchovu. Halafu ikawa neno moja kwa siku. Sasa ukimwita hageuki. Ukigonga mlango au meza, anageuka. Ukimwuliza kitu anagonga. Mama anacheka, anasema mume wake amekuwa Koleo wa pili. Mjomba hacheki. Anasema ni mshtuko wa ajali uliochelewa, kuna watu huwa hivyo. Lakini siku hizi hashiki nati kwa meno, na akiwa chini ya chombo anaimba.

Wiki iliyopita nilimtafuta mama yake utingo. Anauza mkaa nyuma ya stendi. Sikujitambulisha. Alinitazama, akaendelea kupima mkaa kwenye ndoo.

"Baba yako hajambo?" akauliza.

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi la mkaa, nikamwomba amfungue mwanawe. Nilimwambia tumeitoa bolti. Akasema hakumfunga ili amdhuru mtu. Alimfunga ili asipotee, kwa kuwa alikufa njiani, na wanaokufa njiani hupotea. Alisema mimi ndiye niliyeufungua uzi, sasa hata yeye hana pa kumshikia.

"Atashuka lini?" niliuliza.

Alifunga mdomo wa gunia kwa kamba, taratibu, na akanijibu kama anayenitajia bei.

"Utingo huwa anashuka lini, mwanangu? Akipata wa kumpokea zamu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nimekuwa nikilifikiria neno hilo siku saba. Labda alikuwa ananitisha tu. Ni mama aliyefiwa, ana haki ya kunichukia. Labda mjomba ndiye mwenye ukweli, na baba anahitaji daktari. Lakini jana nilimwona baba akivua shati, nikahesabu mbavu zake kutoka mlangoni. Kwa hesabu yangu hafiki mwisho wa mwaka.

Leo jioni, tukiwa mezani, mama alisema kinu kimemwongezea baba njia ya pili, ile ya mlimani, na wanataka awe na mtu wa kukaa nyuma kushika magunia. Akasema mtu wa nini kulipwa wakati mimi niko nyumbani sina shughuli. Nitapanda pale nyuma, nitapata upepo, nitamsaidia baba yangu. Alilisema kwa furaha. Alikuwa ameshaninunulia kofia ya jua.

Nilitazama sahani yangu. Kisha nikasema sawa, mama, nitaenda.

Baba aliacha kutafuna. Alinitazama machoni, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi ananitazama yeye mwenyewe, baba yangu. Midomo yake ilifunguka, ikahangaika. Hakuna kilichotoka. Akakunja ngumi, akapiga meza.

Mara moja.

Nilimwambia tena, polepole, kwamba nitaenda.

Mara moja. Mara moja. Mara moja. Sahani ziliruka, mchuzi ukamwagika, na macho yake hayakunitoka.

Mama alichukua kitambaa akaanza kufuta. Akasema kweli, leo nzi wamezidi.